Sahihi za Matangani

Elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Hizo ndizo sahihi zilizokuwa kwenye kaunta buku nne, yale madaftari manene ya jalada gumu, Jumatatu asubuhi, siku tatu kabla ya kikao cha Thika, na mimi Swaleh nilikuwa nimezihesabu mara tatu kwa kidole changu mwenyewe. Sikumwachia mtu. Nchi hii nimeona hesabu nyingi zikifanywa na watu wengine.

Kwa asiyejua, katiba ya Chama cha Kinu ina kifungu cha kumi na nne. Wanachama elfu moja wa tawi wakitia sahihi kwamba hawamtaki mwenyekiti wao, na mwombaji wa kwanza akasimama mbele ya ofisa wa makao makuu kuthibitisha kwamba sahihi ni za kweli, mwenyekiti anatoka siku hiyo hiyo. Kifungu hicho kilikuwa kimelala humo tangu chama kizaliwe. Niliking'amua mimi, si wakili. Na huku kwetu, kuanzia Githurai hadi Thika, mwenyekiti wa tawi si mtu wa kupanga viti. Yeye ndiye anayetoa tiketi. Ukiwa na tiketi ya Kinu umeshashinda, na uchaguzi wenyewe ni kwenda kupanga foleni kwa adabu.

Mwenyekiti wetu ni Ndegwa. Miaka kumi na sita. Katika mchujo uliopita wa tiketi ya bunge la kaunti Ciku alimshinda kila mtu. Kura zilihesabiwa uwanjani mbele ya macho yetu, mchana, jua likituchoma utosi. Siku mbili baadaye cheti kikatoka na jina la shemeji yake Ndegwa, ambaye siku ya kura alikuwa Dubai. Ndegwa alipoulizwa alisema kulikuwa na mashauriano. Mchujo mwingine ni mwaka huu. Ndegwa akiwa bado kitini siku ile, Ciku ameisha, na sisi tuliomsimamisha tumeisha naye.

Mimi si msomi. Shule niliacha darasa la tano. Nanunua magazeti ya zamani kwa kilo kutoka nyumba za Membley, nayauzia wachinjaji na wapaka rangi pale Githurai 45, lakini kabla sijauza nasoma. Nilianza kusoma mwaka wa themanini na nane, nikiwa na miaka thelathini, baada ya uchaguzi wa mlolongo. Nilisimama nyuma ya picha ya mtu wangu katika mstari uliozunguka uwanja wa shule, ukapita vyoo, ukatoka hadi barabarani. Mstari wa pili ulikuwa na watu ishirini na wawili. Nawajua kwa sura hadi leo. Kisha bwana mmoja wa suti akapanda juu ya dawati akatangaza mshindi ni wa ule mstari mfupi. Hakuna aliyepiga kelele. Tulitazamana kama watu waliopigwa kofi na mkono mmoja. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, nijue ni vitu gani vingine nilikuwa naonyeshwa mchana kweupe nisivione.

Ciku alikulia chumba cha pili kutoka changu, katika ploti moja ya vyumba vya kupanga kule Mwihoko. Alikuwa akija kukata picha kwenye magazeti yangu, na kabla ya kufika miaka kumi alikuwa anasoma kilichoandikwa chini ya picha. Huniita Guka, ingawa mimi si Mkikuyu wala si babu yake. Siku hizi ana saiba yake, chumba kidogo chenye kompyuta tatu, anawajazia watu fomu za serikali. Ana miaka thelathini na tatu. Kila ninachokijua kuhusu wakubwa wa nchi hii nimemmiminia yeye, kwa sababu wanangu wa kuzaa walipendelea mpira.

Basi yeye ndiye aliyesema, "Guka, wewe miguu imechoka. Andika maneno ya ukurasa wa kwanza, kukusanya niachie."

Niliandika. Alichapa, akabandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kaunta buku, halafu akachora safu: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Wiki tatu, vitabu vinne, vimejaa hadi jalada la nyuma.

Nilishangaa. Watu wetu nimewazoea. Unawaeleza dhulma dakika arobaini, wanatikisa kichwa, kisha mmoja anauliza kama kuna soda. Na sasa elfu moja mia tatu. Nililala Jumapili nikiwa na furaha ya kijinga, furaha ya bwana harusi. Nilijiambia: wameamka, na nimewahi kuliona.

Kosa langu ni kwamba nilitaka kusema asante.

Jumatatu hiyo nilichagua majina ninayoyajua, nikatoka. Wa kwanza alikuwa Mwanamisi, muuza viungo pale soko la Githurai 45. Tumejuana tangu mumewe na mimi tulipokuwa tukiswali safu moja. Alikuwa amekaa nyuma ya vilima vyake vya binzari na pilipili manga.

"Kaka Swaleh, leo hubebi magazeti? Au wameacha kuandika uongo?"

"Leo nimebeba shukrani."

"Shukrani hazipimwi hapa. Nunua mdalasini."

"Mwanamisi, nimeiona sahihi yako. Kitabu cha tatu, ukurasa wa tisa. Nilipoliona jina lako nilisema, kama huyu ameamka, Githurai yote imeamka."

Alikuwa akichota iliki. Kijiko kikabaki hewani. "Sahihi gani?"

"Ya kumwondoa Ndegwa."

"Kumwondoa wapi?"

Nilicheka. Mwanamisi ni mtu wa mzaha. "Kwenye kiti, dada. Kwenye tawi."

"Kaka, mimi Ndegwa namwombea dua." Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Mume wangu alipolazwa, nani alileta gari la kumrudisha nyumbani? Ndegwa. Wewe ulikuja na gazeti."

"Lakini jina lako lipo. Namba yako ya kitambulisho ipo."

"Mimi kitabu nilichoandika juzijuzi ni kile cha matanga. Ya Wainaina, yule fundi wa kuchomelea. Kilikuwa na biro imefungwa uzi. Nikaandika, nikampa wa kando. Nilidhani ni orodha ya basi la kwenda Murang'a kuzika."

"Hukuuliza?"

"Matangani nani anauliza kitabu? Kikija unaandika. Wewe huandiki?"

Naandika. Kila mtu huku kwetu anaandika. Kitabu kikipita katika kamati ya mazishi, baraza la chifu, mkutano wa wazazi, unashika biro, unaweka jina na namba zako, unakipitisha, na macho yako hayajaacha kumtazama anayehutubia. Kutoandika ndiko kunakotia shaka. Watasema hukuja.

Nilitoka sokoni sijui nimepitia wapi. Nilikwenda kwa Gerishon, seremala na mzee wa kanisa, jina lake likiwa la nne katika kitabu cha kwanza. Aliweka randa chini akanishika mkono kwa upole. Yeye alisaini baada ya ibada, akijua ni watoto wanaotafutiwa basari ya karo. Aliniuliza kama majina ya wajukuu wake yamepita.

Nikarudi nyumbani nikavifungua vile vitabu upya, na safari hii nikavisoma kama ninavyosoma magazeti, nikitafuta wanachoficha. Majina yalikuwa yamekuja kwa makundi, watu thelathini kwa biro moja. Ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, ule wenye maneno yangu, ulikuwa na alama ya raba bendi. Ulikuwa umefungwa pamoja na jalada, hauonekani. Na katika kitabu cha tatu, ukurasa ule ule wa Mwanamisi, mtu alikuwa ameandika kando ya sahihi yake: Pole kwa familia.

Nilikuwa nimeyaona maneno hayo asubuhi. Nilikuwa nimecheka. Nilidhani ni dharau kwa Ndegwa.

Saa tisa nilikuwa mlangoni pa saiba. Ciku alinitazama mara moja tu, akamwambia mteja arudi baada ya dakika kumi.

"Guka, kaa."

"Sikai. Ulipeleka vitabu matangani."

"Nilipeleka mahali watu wako."

"Walijua wanasaini nini?"

Alizima printa kwanza. "Wengine."

"Wengine wangapi?"

Akavuta droo, akatoa daftari jembamba la shule, la kurasa arobaini, akaliweka juu ya kibodi. "Wiki ya kwanza nilienda vile ulinifunza. Mlango kwa mlango, kuanzia hapa mpaka stendi ya arobaini na tano. Naeleza kifungu, naeleza tiketi, naeleza vile waliniibia. Watu wananisikiza poa kabisa. Wananiambia pole. Nikitoa biro, mtu anakumbuka ameacha ugali kwa moto. Fungua uone."

Nilifungua. Namba moja nilikuwa mimi. Namba mbili Ciku. Orodha iliishia kumi na tisa.

"Wiki nzima?"

"Siku saba, Guka. Na wa kumi na tisa alisaini ndio nimwache alale."

Niliketi bila kukusudia. Miaka yote hiyo nimewaambia watu kwamba tukieleza wataelewa, na wakielewa watasimama. Kumi na tisa. Nimeona matanga yenye wachimba kaburi wengi kuliko hao.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungefanya nini? Ungeenda kusoma gazeti. Sikiza. Ndegwa ana orodha yake ya watu elfu mbili wa kumtetea, nusu yao wako makaburini. Sisi twende na watu kumi na tisa? Atatucheka mpaka adondoke kiti."

"Sisi si Ndegwa."

"Na ni nani alinionyesha ukurasa wa tanzia?"

Sikumwelewa. Naapa sikumwelewa mara moja. Alingoja, akiwa amekunja mikono, mpaka nikakumbuka.

Ilikuwa wakati vyama vingi vinarudi. Tulitaka kufungua tawi la upinzani Ruiru na tuliambiwa tulete wanachama mia tatu kwa wiki moja. Tulikuwa na sitini. Watu walikuwa wanaogopa, na walikuwa na sababu. Mimi nikaenda kwenye rundo langu la magazeti, nikafungua kurasa za tanzia, nikanakili marehemu mmoja baada ya mwingine, na nikawatilia sahihi kwa mkono wa kushoto. Tawi lilifunguliwa. Kisa hicho nilikuwa nimemsimulia Ciku akiwa na miaka kumi na miwili, nikicheka hadi machozi, nikimwonyesha jinsi tulivyowachezea. Sikuwahi kukihesabu miongoni mwa uongo wa nchi hii. Nina kumbukumbu ya kila kura iliyoibwa tangu nianze kusoma, na hicho nilikuwa nimekiweka rafu nyingine.

"Ile ilikuwa vita," nikasema.

"Na hii ni harusi?"

Yeye akashusha sauti, akawa yule mtoto wa chumba cha pili. "Guka, nakala za majina nishatuma makao makuu, Alhamisi ni kusimama na kusema sentensi moja. Ofisa ataita majina kumi hivi, ajaribu. Nimepanga watu arobaini, wanakuja na basi, nimewaeleza. Wataitika. Ndegwa anaenda nyumbani jioni hiyo. Si ndiyo unataka tangu nizaliwe? Mtu mmoja wa hawa wakubwa aende nyumbani."

Niliondoka na lile daftari jembamba mfukoni. Hakunizuia.

Siku mbili sikula vizuri. Nilikuwa nakaa kitandani natazama magazeti yangu, na kwa mara ya kwanza sikutaka kujua yanasema nini.

Alhamisi kikao kilikuwa katika ukumbi wa ghorofa ya juu wa hoteli moja pale Thika mjini, madirisha yakitazama stendi. Ofisa wa makao makuu aliitwa Odhiambo, mtu mpole wa miwani, aliyekuwa akipanga karatasi zake kana kwamba zina usingizi. Tuliomba sala ya Kikristo, kisha mtu akakumbuka na mimi nikaombwa nisome dua. Ndegwa alikuwa ameketi pembeni, suti ya kijivu, peke yake. Hilo lilinishtua. Ndegwa hatembei bila kundi. Nilitafuta wapiga makofi wake sikuwaona.

Watu wa Ciku walijaza safu nne za nyuma. Nilipogeuka kuwatazama, safu ya pili, amevaa buibui yake nzuri ya Idi, alikuwa Mwanamisi. Alinipa ishara ya kichwa.

Nilimgeukia Ciku. "Umemwambia nini?"

"Yeye ndiye alinipigia. Alisema ulitoka sokoni kama mtu amefiwa."

Odhiambo alifungua vitabu, akaanza kuchagua majina kwa kalamu, huku na kule. Aliyeitwa alisimama, akaulizwa kama alisaini kwa hiari na kwa kujua. Wa kwanza akasema ndiyo. Wa pili ndiyo. Wa tatu, kijana wa bodaboda, alisema ndiyo kabla ya swali kwisha, na watu wakacheka kidogo. Walioitwa na hawakuwepo, Ciku alieleza wako kazini, na Odhiambo akaandika.

"Mwanamisi Bakari."

Akasimama.

"Ulisaini?"

"Nilisaini."

"Ulijua ni ombi la kumwondoa mwenyekiti?"

"Nilijua. Ndegwa ametosha. Apumzike."

Alisema hivyo akimtazama Ndegwa usoni, yule anayemwombea dua, na uso wake ulikuwa mkavu kama wa mtu anayetaja bei. Kisha akanitazama mimi na akaketi. Alikuwa amenipa zawadi. Mwanamke ambaye hajawahi kunipunguzia hata shilingi ya mdalasini alikuwa amesema uongo mbele ya watu mia moja, kwa jina lake lote, kwa sababu nilitoka kwenye meza yake na uso mbaya.

Hapo ndipo nilipoona jinsi inavyofanyika. Miaka thelathini na minane nimekuwa nikiuliza yule bwana wa suti juu ya dawati aliwezaje. Nilidhani inahitaji roho ya nyoka. Kumbe inatosha watu wakupende, na wewe unyamaze.

"Mwombaji wa kwanza," Odhiambo akasema. "Mzee Swaleh. Simama tafadhali, usome pale chini."

Karatasi ilikuwa na mstari mmoja. Mimi, kwa niaba ya waombaji wote, nathibitisha kuwa sahihi hizi zilitolewa kwa hiari na kwa kujua. Ciku aliweka kiganja chake mgongoni mwangu, bila kusukuma.

Nilisoma hadi neno waombaji. Kisha nikasema, "Zilizotolewa kwa kujua ni kumi na tisa."

Odhiambo aliinua miwani. "Rudia, mzee."

"Kumi na tisa. Hizo nyingine ni za matangani. Watu walisaini wakidhani ni basi la maziko."

Mkono wa Ciku uliondoka mgongoni mwangu. Kupitia dirishani tulisikia makanga wa chini akiita abiria wa Gatanga. Kisha sauti ya kwanza ikatoka nyuma, na haikuwa ya Ndegwa.

"Kaka Swaleh." Mwanamisi alikuwa amesimama tena. "Nimefunga meza. Nimepanda basi asubuhi. Nimekudanganyia mbele ya watu wazima. Sasa mimi ni nani hapa?"

"Dada, nisamehe. Sikukuomba."

"Hata kitabu hukuniomba. Mmekuwa mnanitumia tu."

Yule kijana wa bodaboda akasimama naye. "Mzee, usituaibishe. Sisi tulijua."

"Ulijua lini?"

Akafikiri. "Leo asubuhi. Kwa basi."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamenikasirikia mimi. Nilitazama nyuso arobaini, na hasira yote niliyoitafuta kwa watu hawa tangu ujana wangu ilikuwa imefika hatimaye, safi, imekomaa, na ilikuwa inanitazama mimi. Ndegwa, aliyewaibia tiketi yao, alikuwa akichezea kifungo cha koti, na hakuna aliyemwangalia.

Odhiambo alifunga vitabu kimoja kimoja. Alisema kwa sauti ya huzuni ya kikazi kwamba ombi limetupwa, na kwa mujibu wa kanuni waombaji hawataruhusiwa kuleta jingine kabla ya mchujo. Akatushukuru kwa kufika.

Ndegwa alinikuta kwenye ngazi. Nilijiandaa kwa kejeli. Nilikuwa hata nimeichagua ya kumrudishia.

"Mzee Swaleh, wewe ni msomaji," akasema. "Nisomee hii."

Alitoa bahasha katika koti. Ndani kulikuwa na barua kwa makao makuu ya Chama cha Kinu, tarehe ya siku hiyo. Alikuwa anajiuzulu uenyekiti wa tawi kwa hiari, kuanzia saa kumi jioni. Sahihi yake ilikuwa tayari hapo, na wino haukuwa mbichi.

Nilisoma mara mbili.

"Waliniita Jumanne, nakala ya majina iko mezani," akasema. "Wakaniambia, Ndegwa, watu elfu moja mia tatu wamekukataa, toka kwa heshima. Wale vijana wangu wakasikia, wakahama siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nangoja useme hiyo sentensi, nimpe Odhiambo hii, niende. Mke wangu amefunga mizigo, tulikuwa twende Nyeri kesho."

"Hukujua sahihi si za kweli?"

"Ningejuaje? Tangu siku hiyo sijalala. Nilikuwa naamka najiuliza, hata Mwihoko? Hata kwa Gerishon, tumekaa kiti kimoja kanisani?" Aliitwaa barua mkononi mwangu, akaikunja kwa mikunjo yake ya awali, akairudisha kotini. Macho yake yalikuwa na maji, ya kweli, sikuona mchezo ndani yake. "Kumbe ni kumi na tisa tu. Basi nitakaa. Asante, mzee. Umeniponya."

Akanishika mkono kwa mikono miwili na kuteremka akiwa ameshapata mwendo wake wa zamani. Kabla hajafika chini simu yake ilikuwa sikioni, na nilimsikia akimwambia mtu aseme na wale vijana warudi.

Ciku alikuwa amesimama hatua tatu juu yangu. Alikuwa amesikia yote. Akaketi pale pale kwenye ngazi, na watu wa basi wakapita kando yake wakishuka, Mwanamisi akiwa wa mwisho. Mwanamisi alimgusa bega Ciku. Mimi alinipita.

"Alikuwa ashaandika," Ciku akasema.

"Nimeona."

"Ilikuwa imeisha, Guka. Ilikuwa imebaki wewe kupumua tu."

"Ciku, ungekaa kwenye kiti cha kaunti kwa sahihi za matanga ya Wainaina, mwaka mmoja baadaye ungekuwa unatafuta matanga mengine."

"Pengine. Na pengine ningefungua ile barabara ya Mwihoko inayojaa maji. Hatutajua. Tena sasa wewe umelala vizuri na shemeji ya Ndegwa anarudi bunge ya kaunti."

Sikuwa nimelala vizuri na sikudhani nitalala, lakini sikumwambia. Alinyoosha mkono. "Kile kitabu kidogo unacho?"

"Ninacho."

"Nifute."

"Subiri kwanza. Una hasira."

"Hasira ninayo, lakini akili pia ninayo. Nilisaini nikijua, nafuta nikijua. Si hivyo ndivyo unataka watu wafanye?"

Nililitoa daftari. Mimi, mtu wa kuandika, sikuwa na biro. Niliazima kwa askari wa mlango, nikaliegemeza daftari ukutani, nikapiga mstari juu ya namba mbili, kuanzia jina hadi tarakimu ya mwisho ya kitambulisho. Ciku alisimama karibu kuhakikisha nimepiga sawasawa. Kisha akachukua biro mkononi mwangu na akaweka herufi za jina lake kando ya mstari, kama anavyowafunza wateja wake kufanya wanapofuta kitu kwenye fomu, ili mtu asije akasema ilifutwa na mwingine.

Aliteremka kwenda kwenye basi. Nilibaki na daftari la watu kumi na wanane, mmoja wao mimi, na askari akiwa amenyoosha mkono anangoja biro yake.